MTUNGI WA KUZIMIA MOTO NYUMBANI

Mwezi huu tuzungumzie ajali inayoanza na cheche ndogo jikoni na kuacha makovu ya maisha: moto wa nyumbani. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari.

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa ya oksijeni. Ukiondoa kimojawapo, moto huzimika. Hiyo ndiyo kazi ya mtungi wa kuzimia moto. Lakini si kila mtungi hufaa kwa kila moto.

Tuchague mtungi gani?

1. Wa maji. Hufaa kwa mbao, nguo na karatasi. Usiutumie kamwe kwenye mafuta au umeme. Maji yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka, hulipua miali na kumuunguza aliye karibu.

2. Wa hewa ya kaboni. Hufaa kwa vyombo vya umeme. Usishike mdomo wake mpana, kwani baridi yake huumiza ngozi. Ukiutumia katika chumba kidogo, toka mara moja, maana hewa hiyo hukosesha pumzi.

3. Wa unga mkavu wenye herufi A, B na C. Hufaa kwa mbao, mafuta ya taa na umeme. Huu ndio unaofaa zaidi kwa nyumba nyingi.

Kabla ya kununua, hakikisha mshale wa kipimo uko kwenye rangi ya kijani, na pini haijang'olewa. Utundike karibu na mlango, si juu ya jiko. Ukishatumika hata kidogo, upeleke ukajazwe.

Namna ya kuutumia

Kwanza watoe watoto na wazee nje, na mtu apige simu Zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114. Simama mita 2 hadi 3 kutoka kwenye moto, mlango ukiwa nyuma yako. Vuta pini. Elekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto, si kwenye miali. Bana mpini, kisha peleka huku na huku. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde 10 hivi. Ukiisha na moto bado unawaka, toka na ufunge mlango.

Moto ukishafika darini, au moshi ukijaa chumbani, usijaribu kuuzima. Moshi huua hata kabla ya miali kukufikia. Mali hutafutwa tena, uhai hautafutwi.

Kama huna mtungi

Kikaango kikiwaka, kifunike kwa mfuniko, zima jiko, wala usikibebe. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na jiko la mafuta ya taa. Gesi ikiwaka kwenye mpira, funga koki ya mtungi ikiwa unaifikia salama. La sivyo, kimbieni.

Mtu akiungua

Mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Vitu hivyo huleta uchafu na kuzuia joto kutoka. Funika kwa kitambaa safi, kisha umpeleke hospitali.

Jioni ya leo, waonyeshe wote nyumbani mlango wa kutokea na mahali mtakapokutana nje. Somo hilo halina gharama.