Makosa Mawili ya Utambuzi: Funzo la Mifupa ya Waneandertali

Mwaka 1856 wachimbaji wa mawe ya chokaa katika bonde la Neander, Ujerumani, walifukua kipande cha fuvu la kichwa pamoja na mifupa minene ya mwili. Paji la uso lilikuwa limelala, na juu ya macho palitokeza tuta la mfupa. Rudolf Virchow, bingwa mashuhuri wa patholojia, aliichunguza mifupa hiyo na mwaka 1872 akatoa maoni kwamba mwenyewe alikuwa binadamu wa kawaida aliyeugua matege utotoni na baridi yabisi uzeeni. Kumbe mifupa ile ilikuwa ya Mneandertali, jamii ya binadamu iliyotoweka zamani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza: umbile la asili liliitwa ugonjwa.

Kosa la pili lilikuwa kinyume chake. Mwaka 1908 mifupa ya mzee Mneandertali ilipatikana La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa. Marcellin Boule alimweleza kuwa kiumbe duni, aliyeinama na kutembea huku magoti yamekunjwa. Picha hiyo ilienea vitabuni kwa miongo mingi. Mwaka 1957 William Straus na A. J. E. Cave waliipima upya mifupa hiyo, wakaonyesha kuwa uti wa mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo, na kwamba Mneandertali mwenye afya alisimama wima kama sisi. Safari hii ugonjwa ndio ulioitwa umbile. Hata hivyo, Boule alikuwa ameziona dalili za ugonjwa huo. Kilichompoteza zaidi ni dhana aliyokuwa nayo kabla ya kuchunguza.

Ushahidi uliofuata uliibomoa kabisa dhana hiyo. Katika pango la Shanidar, Iraki, ilipatikana mifupa ya mwanamume aliyeumia vibaya karibu na jicho na kupooza mkono, lakini akaishi miaka mingi baadaye. Wataalamu wengi huona kuwa asingeweza kuishi hivyo bila msaada wa wenziwe. Mwaka 2010 kundi la Svante Pääbo lilichapisha jenomu ya Waneandertali, nayo ikathibitisha kuwa walizaa na binadamu waliotoka Afrika. Watu wengi wenye asili ya nje ya Afrika wana takriban asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vyao. Pääbo alitunukiwa Nobeli ya Tiba mwaka 2022.

Makosa hayo mawili yangali yakitokea katika vyumba vya tiba. Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye miguu iliyopinda kidogo mara nyingi hana ugonjwa. Miguu hunyooka kadiri anavyokua. Apelekwe kwa daktari iwapo mguu mmoja tu umepinda, au iwapo kupinda kunazidi au kunaendelea baada ya umri huo. Kwa upande mwingine, bibi anayelalamikia mgongo huambiwa, "Ni uzee tu." Uzee si jina la ugonjwa. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kupungua uzito, ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo yanahitaji uchunguzi wa haraka, kwani huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani.

Mzee wa La Chapelle-aux-Saints alisubiri takriban miaka 50 baada ya kufukuliwa ndipo maradhi yake yakapewa uzito unaostahili. Mgonjwa aliye hai hana muda huo.