Dondoo muhimu: Insha ya chuo si ile ya sekondari

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi imejaa wino mwekundu. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika: "Kwa hiyo?" Tangu siku hiyo nimejifunza haya:

• Pigia mstari kitenzi cha swali. "Eleza" si "jadili". Kujadili kunakutaka upime pande mbili, kisha utoe msimamo.

• Weka hoja kuu katika sentensi moja. "Azimio la Arusha lilikuwa muhimu" si hoja. "Azimio la Arusha la 1967 lilibadili umiliki wa mabenki haraka kuliko lilivyobadili maisha ya mkulima" ni hoja, maana mtu anaweza kuipinga.

• Aya moja, wazo moja. Taja wazo, leta ushahidi, kisha jibu lile "kwa hiyo?"

• Andika chanzo na ukurasa papo hapo unaponukuu. Kuvisaka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ni adhabu.

• Utangulizi uandike mwisho. Hapo ndipo utakapojua unamkaribisha msomaji wapi.

• Isome insha yako kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi hiyo ina kasoro.