Kukiri, Kukubali, Kuungama

Kijana: Babu, kukiri maana yake nini hasa? Wengi husema ni kukubali.

Mzee: Kukiri ni kusema wazi kwamba jambo ni kweli, hasa jambo ambalo mtu angeweza kulikana. Kukubali ni kupana zaidi: watu hukubali posa, hukubali mwaliko, hukubali kazi ambayo bado hawajaianza. Hayo hayakiriwi. Kinachokiriwa kipo tayari.

Kijana: Basi kukubali kulipa na kukiri deni ni mambo mawili?

Mzee: Mbali kabisa. “Amekubali kulipa” ni ahadi. “Amekiri kudaiwa” ni ushahidi. Habari ya kulipa bado. Na katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ikirari, ndiko kukiri huko, humfunga aliyeitoa tu: akisema yeye na ndugu yake wanadaiwa, deni la ndugu litatafutiwa ushahidi mwingine.

Kijana: Mahakamani je?

Mzee: Huko ndiko neno hili liliko na uzito. Mshtakiwa husomewa shtaka, akakiri kosa au akalikana. Lakini “ni kweli” peke yake haitoshi, maana mtu aweza kukiri kitendo asikiri kosa. “Ni kweli nilimpiga, ila alinijia na panga”: kipigo kimekiriwa, kosa bado. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka, kisha asomewe maelezo ya tukio na kuulizwa kama anayakiri. Akiyapinga, huandikwa kwamba amekana.

Kijana: Na kuungama?

Mzee: Kuungama hubeba hatia. Mkatoliki huungama dhambi kwa padri, lakini hakuna anayeungama kupokea barua. Karani huandika “nakiri kupokea barua yako”, naye hajakosa lolote. Mwislamu hukiri upweke wa Mungu katika shahada, Mkristo hukiri imani yake. Ila magazeti hupenda mno “akiri” kwenye vichwa vya habari, hata pale mtu alipoeleza jambo tu, na msomaji huanza kumwona mkosaji kabla ya kusoma habari yenyewe.

Kijana: Na neno “kukiri” hufuatwa na nini?

Mzee: Nomino, kama “kukiri kosa”, kitenzi, “kukiri kuiba”, au sentensi yenye “kwamba”. Irabu yake ya mwisho haibadiliki katika ukanushi: anakiri, hakiri. Na kumkirisha mtu ni kumfanya akiri.