Togwa Kali na Kuharisha kwa Watoto

Wakulima wa Kifanya, mwajua vema kutengeneza togwa, wala si kazi yangu kuwafundisha mama zenu jambo walilolipokea kwa bibi zao. Neno langu ni jingine. Togwa iliyochachuka barabara humsaidia mtoto asiharishe; bali togwa iliyonywewa kabla ya wakati wake yaweza kumdhuru.

Kuharisha huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viingiavyo tumboni kwa maji machafu, mikono isiyonawiwa na uji uliolala. Mtoto atimizapo miezi 6, aanzapo kula vyakula vingine pamoja na maziwa ya mama, ndipo hatari izidipo. Uji mtamu uliobaki tangu asubuhi hata jioni ni shamba lenye rutuba kwa vijidudu hivyo, navyo huzaana humo upesi kuliko magugu wakati wa mvua.

Lakini viko vijidudu vingine vilivyo rafiki zetu. Wataalamu huviita laktobasilasi. Hivyo hula sukari iliyomo katika uji na kutoa asidi, nayo ndiyo ule ukali tuuonjao katika togwa na maziwa mgando. Vijidudu viovu havistahimili ukali huo: vingine hufa, vingine hudumaa visizaane.

Jambo hili limepimwa. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uswidi waliwalisha watoto walio chini ya miaka 5 togwa mara moja kila siku kwa siku 13, na habari yake ikachapishwa mwaka 1999. Kabla ya kuanza, vijidudu viovu vilionekana katika choo cha watoto wapatao 28 katika kila 100; siku ya 7 walibaki wapatao 8 tu. Wasiopewa togwa nao walipungua, lakini si kwa kiasi hicho. Tena, togwa ilipokwisha kukomeshwa, hesabu ikaanza kupanda. Basi togwa ya siku moja haitoshi.

Sasa tazameni kimea, maana kosa liko hapo. Ulezi uliolowekwa na kuoteshwa umekaa katika unyevu siku kadhaa, kwa hiyo unga wake hubeba vijidudu vingi. Unga huo hutiwa katika uji uliokwisha kupoa, wala haupikwi tena. Uji hulainika, huwa mtamu, na mama humpa mtoto papo hapo. Hapo amempa adui kabla mlinzi hajafika.

Pika uji mzito, uchemke sana. Uache upoe hata chombo kiweze kushikwa pasipo kuungua. Tia kimea, na pamoja nacho upawa mmoja wa togwa kali ya jana, maana hiyo ndiyo mbegu. Funika, ukangoje usiku na mchana. Katika baridi yetu ya Juni na Julai uchachu huchelewa sana. Kifunge chombo kwa blanketi, kikae karibu na mafiga. Kipimo ni ulimi, si saa: isipokuwa kali, haijawa tayari. Ikipita siku ya pili huanza kugeuka pombe, na hiyo si ya mtoto, kama ulanzi usivyo wa mtoto hata ukiwa mtamu.

Mahindi yenye ukungu msiyatumie kabisa. Uchachu si dawa ya sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Tena togwa ni chakula, si tiba. Mtoto akiisha kuharisha, mpeni maji ya dawa ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati, na mama asiache kumnyonyesha. Mkiona damu katika choo, au macho yamedidimia, au hawezi kunywa, mpelekeni zahanati siku iyo hiyo, hata ikiwa siku ya palizi.