NANI ANAWALIPA KINA MAMA HAWA?

Somo: Marko 1:29-31, Luka 8:1-3, Matendo 9:36-42
(Kama huna Biblia, azima kwa jirani usome mwenyewe.)



Karatasi hii umepewa hapa mkutanoni, au pengine umeiokota njiani. Usiitupe. Usiifungie karanga kwanza. Nipe dakika kumi tu, halafu uamue mwenyewe.

Kuna swali nimelisikia sana vijiweni. Kina mama wanapita, wamejifunga vitenge vyao. Mmoja ana ndoo kichwani, mwingine ana jembe begani, mwingine kabeba kuni. Wanakwenda kwa mgonjwa, au kwa mjane, au kwa yatima. Hawana sare, hawana gari la mradi, hawana posho. Basi kijana mmoja anacheka, anasema, "Hawa nani anawalipa? Hapo lazima kuna mfadhili." Na wenzake wanacheka.

Swali hilo nalijua vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa naliuliza. Leo tulijibu kwa Neno la Mungu.

USHUHUDA WANGU

Mimi ni mzaliwa wa wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983. Mwanzoni watu hawakujua ni ugonjwa gani, wakauita Juliana, jina la nguo za biashara zilizopendwa wakati ule. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Mimi nimekulia katikati ya makaburi ya kibanjani.

Mwaka 2008 mama yangu alilala kitandani. Baba alikuwa amekwisha kututangulia. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, lakini mama alikuwa ameziacha kwa aibu. Hakutaka kuonekana kwenye foleni ya kliniki. Alipofika mahali hawezi kuinuka, ndugu wakaanza kupungua. Huyu ana safari, yule watoto wake wana mtihani.

Na mimi mwanawe je? Nilikuwa na miaka 18. Asubuhi natoka, usiku narudi nimelewa rubisi. Si kwamba sikumpenda mama. Nilikuwa naogopa harufu ya chumba kile. Naogopa kumwona mama yangu vile. Ndiyo kweli yenyewe, na sioni faida ya kuificha.

Siku moja narudi mchana, nakuta kina mama watatu nyumbani. Walikuwa wa kanisa lile dogo la bati ambalo sisi vijana tulikuwa tunalicheka kwa kelele zake. Mmoja anachemsha maji. Wa pili anafua mashuka, mikono ameivalisha mifuko ya nailoni kwa sababu glavu hana. Wa tatu amemwegemeza mama kifuani kwake, anamwogesha taratibu kama mtu anavyoogesha mtoto mchanga.

Nikasimama mlangoni. Nilijua sasa nitasemwa. Yule mama aliyekuwa anaogesha akanitazama, akasema, "Mwanangu, tuletee maji mengine." Basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani, na njiani nililia.

Walikuja kila Jumanne na Ijumaa, miezi mitatu. Walimbembeleza mama akarudi kliniki, wakamsindikiza na kukaa naye kwenye foleni ile aliyokuwa anaiogopa. Walimwekea mikono wakamwombea, na maombi yakiisha walimkumbusha vidonge vyake. Hawakumwambia hata siku moja aache dawa. Walituletea ndizi. Walipalilia kibanja.

Mama alimpokea Yesu katika kitanda kile. Lakini alikuwa amechelewa kurudi kwenye dawa, mwili ulikuwa umekwisha. Akafariki.

Baada ya matanga nikasema, sasa wale kina mama kazi yao imekwisha. Jumanne iliyofuata nasikia jembe linalia kibanjani. Kumbe wamerudi, kwa ajili ya wadogo zangu wawili! Mgonjwa hayupo, hakuna wa kuwashukuru, na bado wamekuja.

Ndipo nikauliza lile swali langu, ila safari hii sikucheka. "Mama, nani anawalipa?"

Yule mama akaegemea jembe lake. Akasema, "Mwanangu, sisi tumekwisha kulipwa. Sasa tunarudisha."

Sikuelewa. Ilibidi nifungue Biblia ndipo nielewe. Hebu twende pamoja.

1. MAMA MKWE WA SIMONI: ALIPOKEA, AKAINUKA

Marko anatupeleka Kapernaumu, nyumbani kwa Simoni Petro. Mama mkwe wake amelala, homa kali. Wanamwambia Yesu habari zake. Yesu anamkaribia, anamshika mkono, anamwinua, na homa inamwacha.

Sasa angalia mama huyu alifanya nini. Alianza kuwahudumia. Hakuna aliyemtuma, na Yesu hakumwambia, "Nimekuponya, sasa unanidai chakula." Alipata nguvu, na nguvu ile ile aliyopewa akaitumia kwa wengine.

Umeona mpango? Kwanza Yesu alimshika mkono. Halafu mkono ule ukashika kazi. Watu wengi wanataka kugeuza mpango huu. Wanasema, "Ngoja kwanza niwe mtu mwema, nitengeneze maisha yangu, ndipo niende kwa Yesu." Rafiki yangu, mwenye homa hapiki! Kwanza homa itoke.

2. WANAWAKE WA GALILAYA: WALIRUDISHA KWA MALI ZAO

Luka 8 anawataja wanawake waliokuwa wakifuatana na Yesu na wale Thenashara mijini na vijijini. Mariamu Magdalene alikuwa ametolewa pepo saba. Yoana alikuwa mke wa Kuza, wakili wa Herode, maana yake ni mama wa nyumba kubwa, mwenye uwezo. Yuko Susana. Na wengine wengi.

Luka anasema mambo mawili juu yao. La kwanza, walikuwa wameponywa, wengine pepo wabaya, wengine magonjwa. La pili, walikuwa wanaihudumia kazi ile kwa mali zao wenyewe.

Unajua, watu tunasoma habari za Yesu kulisha maelfu, tunasahau kwamba kila siku Yesu na wanafunzi wake walihitaji mkate kama watu wengine. Nyuma ya mahubiri yale walikuwako kina mama waliotoa fedha zao. Mmoja alitoka katika vifungo vya mapepo, mwingine alitoka nyumba ya wakubwa. Lakini walikutana barabara moja, kwa sababu wote walikuwa wamepokea.

Kwa hiyo usiseme, "Mimi sina kitu cha kutoa." Na wewe mwenye kitu usiseme, "Kazi hiyo ni ya maskini."

3. DORKASI: SINDANO YAKE ILIHUBIRI

Sasa njoo Yafa, mji wa bandari. Ndiko Yona alikopanda merikebu akimkimbia Mungu. Leo Yafa ni sehemu ya jiji la Tel Aviv, katika Israeli. Pale aliishi mama mmoja aitwaye Tabitha, kwa Kiyunani Dorkasi. Majina yote mawili maana yake ni paa, yule mnyama wa porini mwepesi wa miguu.

Biblia inamwita mwanafunzi wa Yesu. Katika Agano Jipya lote, neno lile la Kiyunani la mwanafunzi wa kike limetumika mara moja tu, na limetumika kwa Dorkasi. Hatusomi kwamba alihubiri kwenye umati. Tunasoma kwamba alijaa matendo mema na sadaka, na kwamba alishona nguo.

Kijana, wakati ule hapakuwa na mtumba. Uzi ulisokotwa kwa mkono, kitambaa kikafumwa kwa mkono, nguo ikashonwa kwa mkono. Nguo moja ilikuwa mali kabisa. Ndiyo maana sheria ya Musa ilikataza kuchukua vazi la mjane kuwa rehani (Kumbukumbu la Torati 24:17). Mjane alikuwa hana mume wa kumtetea, na vazi lake lilikuwa ndilo blanketi lake usiku. Basi Dorkasi aliposhona kanzu kwa ajili ya mjane, alikuwa anampa ulinzi na heshima.

Akaugua, akafa. Petro akaitwa kutoka Lida, mji wa karibu. Alipopanda ghorofani wajane wote walimzunguka wakilia, wakimwonyesha zile nguo. Hebu fikiri. Hawakuonyesha cheti chake wala picha zake. Walionyesha kazi ya mikono yake. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba, akamwita jina lake, na yule mama akafumbua macho. Habari zikaenea Yafa yote, watu wengi wakamwamini Bwana.

Je, wewe ukifa leo usiku, watu wataonyesha nini? Chupa? Simu yako? Madeni ya kamari?

Najua kuna mmoja anauliza, "Mbona mama yako hakufufuliwa kama Dorkasi?" Nami nilimwuliza Mungu hivyo hivyo, kwa hasira. Siwezi kukudanganya kwamba nilipata jibu la maswali yote. Lakini nilijifunza hili. Dorkasi alifufuliwa akarudi katika mwili ule ule unaozeeka na kufa. Uhai ule aliopewa ulikuwa ishara ya ufufuo mkubwa unaokuja, ambao Yesu aliuahidi kwa kila amwaminiye (Yohana 11:25). Mama yangu anaungoja huo. Na wale kina mama watatu ndio waliomfikishia habari hiyo, wakiwa na sabuni mkononi.

JE, MATENDO MEMA YANAOKOA?

Hapana! Hapa wengi wanapotea. Mtu anasema, "Mimi sisali, lakini nasaidia watu, Mungu ataniona." Soma Waefeso 2:8-10. Tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Ni zawadi, hainunuliwi. Halafu mstari wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Mti hauwi mwembe kwa sababu umetundikiwa maembe. Unazaa maembe kwa sababu ni mwembe.

Lakini na wewe unayejiita mwokovu, unaruka na kupiga kelele kanisani, na jirani yako mgonjwa hajaonja uji wako, soma Yakobo 1:27. Dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao, na kujilinda na uchafu wa dunia. Yote mawili, usichague moja.

Yule mama alisema kweli. Walikwisha kulipwa. Yesu alilipa msalabani, kwa damu yake, deni ambalo wasingeweza kulilipa. Ndoo, jembe na sabuni ni kurudisha shukrani.

KIJANA, USISEME NI KAZI YA WANAWAKE

Usiku ule kabla ya kusulubiwa, Yesu alijifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji, akawaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13:1-15). Mwana wa Mungu, na beseni! Wewe ni nani hata uone haya kubeba ndoo?

Wale kina mama wanazeeka. Mgongo unauma, macho hayaoni sindano vizuri. Wewe una nguvu, unazimalizia kwenye draft na bao. Mjane jirani yako paa lake linavuja, na wewe unajua kupanda juu. Kuna mtoto yatima hajui kusoma, na wewe umefika darasa la saba. Kuna mgonjwa anaona haya kwenda kliniki peke yake, na wewe una miguu miwili.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Mama mkwe wa Simoni alihudumu kabla ya kuponywa au baada ya kuponywa? Hilo linakufundisha nini?
2. Kwa nini wajane wa Yafa walionyesha nguo?
3. Ni nani alikuogesha, alikulisha, alikuombea, nawe hujarudisha hata asante?
4. Taja mtu mmoja mtaani kwako utakayemtembelea wiki hii. Utakwenda siku gani? Utabeba nini?

UAMUZI NI WAKO LEO

Mimi niliokoka kibanjani, karibu na kaburi la mama, yule mama mwenye jembe akiniongoza sala. Sikuwa na nguo nzuri, na kinywa kilikuwa kinanuka rubisi. Yesu hakunikataa. Hata wewe hatakukataa. Piga magoti hapo ulipo, uombe hivi kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekimbia wajibu wangu, nimecheka waliokutumikia. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Nishike mkono uniinue kama yule mama mwenye homa. Kuanzia leo mikono yangu ni yako. Nionyeshe wa kumhudumia. Amina."

Kama umeomba sala hiyo, usikae peke yako. Mwambie mhudumu aliyekupa karatasi hii, au tafuta kanisa linalohubiri wokovu. Na kesho ukiwaona kina mama wanapita na ndoo zao, usiulize tena nani anawalipa. Inuka, uwapokee ndoo.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako. Mungu akubariki.