Dondoo muhimu: "Join" bila mkia wa "with"

Ukiwa Ng'ambo, Tabora, na barua ya Kiingereza mkononi, "kujiunga na" itakuvuta uandike "join with". Kagua haya kwanza.

1. Shule, chama, jeshi: weka jina moja kwa moja. Andika "She joined Tabora Girls", si "joined with" wala "joined to". Hili ni kosa sugu, na chanzo chake ni ile "na" yetu.
2. Usiifute "to" kila mahali: unapounga kitu na kitu inabaki, "Join this pipe to the tank."
3. Njia zikikutana, tumia "join" bila woga. Reli ya kwenda Kigoma ilifika mwisho 1914, ya Mwanza 1928, na zinakutana mjini hapa: "The Mwanza line joins the Kigoma line at Tabora."
4. "Join the train at Tabora" ni kupanda tu. Kubadili treni ni "change trains".
5. Ongeza "in" kwa kushiriki shughuli: ngoma imepamba moto, nawe unaingia uwanjani, "join in".
6. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, 26 Aprili 1964: andika "united".
7. Bando la simu tunajiunga, Waingereza wananunua: "buy a bundle".
8. Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ni "joining instructions", yenye "s" mwishoni, hata kama bahasha ya shule imeisahau.