Uteuzi wa Maikrofoni Ndogo ya Kondensa katika Kurekodi Ala za Muziki wa Kijadi: Mfano wa Nyatiti

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani huandaa hojaji, daftari na kinasa sauti, kisha huamini kwamba maandalizi yametimia. Anaporudi na kuketi kunukuu alichokusanya, mara nyingi hupata maneno ya mwimbaji yakisikika vyema ilhali ala imegeuka mvumo hafifu usiotofautishika. Kwa mhakiki anayeshughulikia maneno pekee hasara hiyo yaweza kupuuzwa. Hata hivyo, katika nyimbo nyingi ala si pambo. Ala huuliza, hujibu, hukatiza na wakati mwingine humaliza sentensi ambayo mwimbaji ameiacha. Rekodi iliyopoteza ala imepoteza sehemu ya matini, na fanani aliyekwisha kufariki hawezi kuombwa arudie.

Makala haya yanajadili namna ya kuteua maikrofoni ndogo ya kondensa kwa kazi hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi uongozwe na ala yenyewe pamoja na mahali inapochezewa, wala si bei au sifa zilizochapishwa kwenye kasha.

Istilahi na utendakazi

Neno "kipaza sauti" limetumiwa kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kile kinachoitoa kwa nguvu. Utata huo unaweza kumpotosha mnunuzi, na kwa hiyo "maikrofoni" ndilo linalotumiwa hapa kwa maana ya kwanza. Sehemu iliyo muhimu zaidi, kwa bahati njema, ina jina la Kiswahili lililokomaa: kiwambo, yaani utando mwembamba uliowambwa mfano wa ngozi ya ngoma.

Katika maikrofoni ya kondensa, kiwambo huwekwa mbele ya bamba, pengo kati yao likiwa dogo mno, na baina yao huwapo chaji ya umeme. Sauti inapokitikisa kiwambo, pengo hubadilika, na umeme nao hubadilika kwa kuufuata mtikisiko huo. E. C. Wente aliivumbua maikrofoni ya namna hii nchini Marekani mwaka 1916. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, katika maabara ya Bell, walibuni aina ya elektreti ambayo huhifadhi chaji yake yenyewe. Aina hiyo ndiyo iliyozishusha bei.

Maikrofoni huitwa ndogo iwapo kipenyo cha kiwambo chake kinapungua milimita 25 kwa kiasi cha kuonekana, aghalabu kikiwa kati ya 12 na 20. Kiwambo cha namna hiyo ni chepesi, kwa hiyo huuwahi mshindo wa kwanza wa uzi unapokwanyuliwa, yaani ile nukta fupi inayomwezesha msikilizaji kuutenga uzi mmoja na mwingine. Maikrofoni ya koili, inayotumiwa sana majukwaani, hukibebesha kiwambo chake waya uliosokotwa, na uzito huo huifisha nukta hiyo. Kiwambo kidogo pia hakibadilishi sana rangi ya sauti inayotoka upande. Ila yake ni kwamba huelekea kuwa na kelele ya ndani zaidi kuliko kiwambo kikubwa.

Nyatiti mbele ya maikrofoni

Nyatiti ya Waluo ni mtihani mzuri wa uteuzi huu. Ina nyuzi 8 na sanduku la mti lililowambwa ngozi. Mchezaji huketi kwenye kigoda kifupi, akakwanyua nyuzi huku akiimba. Kidole gumba cha mguu huvishwa pete ya chuma, oduong'o, inayogongwa kwenye mti wa ala, na mguuni hulia njuga ziitwazo gara. Sauti nne zinatoka kwa mtu mmoja, katika eneo lisilozidi mita moja hivi.

Maikrofoni yenye usikivu wa umbo la moyo hupokea zaidi kilicho mbele yake na kukipa kisogo kilicho nyuma. Ikiwekwa sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, nyuzi zitasikika wazi na hadhira itapungua. Lakini aina hii hukuza sauti nene kadiri inavyosogezwa karibu, na ikielekezwa chini kupita kiasi, pete ya chuma itaimeza nyatiti nzima. Maikrofoni ya pande zote haina ukuzaji huo, na haisumbuliwi sana na upepo wala mguso wa mkono. Chini ya mti, mahali patulivu, ikiwekwa umbali wa mita moja, itatoa uwiano unaokaribia ule anaousikia aliyeketi mbele ya fanani. Ndani ya chumba cha mabati chenye mwangwi, aina hiyo hiyo italeta jogoo, watoto na kuta. Hapo umbo la moyo ndilo litakalofaa.

Penye uwezo wa kununua mbili, moja ielekezwe kwenye nyuzi na nyingine kinywani. Umbali kati ya hizo mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila moja na chanzo chake. Vinginevyo sauti moja itazifikia kwa nyakati mbili tofauti, na baadhi ya masafa yatafutana.

Mwenye uwezo wa moja tu asikate tamaa. Hugh Tracey, aliyewarekodi Wakipsigis huko Kapkatet mwaka 1950, wimbo wa Chemirocha ukiwemo, alizoea kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kumfuata aliyeongoza kwa wakati huo. Rekodi zake zilirejeshwa kwa jamii hiyo zaidi ya miaka 60 baadaye. Waliozisikiliza wangeweza kusikia yale tu ambayo mkono wa Tracey uliyaelekea.

Vipimo na mazingira

Kwa ala ya sauti ndogo kama nyatiti au udi, kelele ya ndani isizidi desibeli 16 hivi; ikipita 20, mchirizo wake utasikika penye kimya. Kwa zumari na ngoma jambo hilo si kubwa. Huko kitazamwe kiwango cha juu kinachohimilika, nacho kiwe desibeli 130 au zaidi. Maandishi ya "hezi 20 hadi 20,000" hupatikana karibu kwenye kila kasha na peke yake hayaelezi kitu.

Maikrofoni nyingi za aina hii hutaka umeme wa volti 48 upitao katika waya ule ule wa sauti. Simu ya mkononi haiutoi. Kinasa sauti chenye tundu la pini tatu kikaguliwe kama kinautoa, na betri za akiba zichukuliwe, kwani umeme huo huzila upesi. Pwani, unyevu hulifanya kondensa lipasuke-pasuke masikioni, hivyo kifaa kihifadhiwe katika kisanduku kinachofunga vyema pamoja na vifuko vya kukausha. Sauti ihifadhiwe kwa muundo wa WAV, biti 24 na hezi 48,000, ambao kwa chaneli mbili huhitaji takriban gigabaiti 1 kwa saa.

Mtafiti aandike daftarini aina ya maikrofoni, kimo, umbali na mwelekeo wake. Kabla ya kurekodi rasmi, fanani avalishwe spika za masikioni asikilize kipande cha majaribio. Akisema gara zimezidi, maikrofoni isogezwe kabla ya wimbo wa kwanza.